Shajara ya mradi: bashrafu, trili na Mi ya Maalim

3 Februari

Nimekabidhiwa daftari. Bashrafu ya Rasti, yaani kipande cha ala tupu kwenye ngazi ya sauti tunayoiita Rasti, khana (sehemu) nne na taslimu (kiitikio) yake, imeandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Pembeni imeliwa na mende, lakini nota zenyewe zimesalimika.

Kikundi chetu cha taarabu kimenipa kazi mbili. Kwanza niinakili kwenye kompyuta isije ikapotea. Pili nitoe faili za sauti, moja kwa kila ala, kila mtu awe nayo kwenye simu. Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi, na mwezi mzima hatukutani kwa mazoezi: ala zinafungwa, watu wanakwenda tarawehe. Idd pili tunatakiwa jukwaani. Maana yake mazoezi yote yatakuwa ya mtu chumbani kwake, vipokea sauti masikioni.

Ndiyo maana sauti ya kompyuta ina uzito safari hii. Wanaosoma nota kikamilifu kwetu hawafiki watano. Waliobaki wanashika kwa sikio, na wakishika kosa hawaliachi. Kuna wimbo mmoja tunaupiga na kosa mpaka leo kwa sababu kaseti ya mazoezi ilikuwa na mkwaruzo mahali pale.

Nilichonacho: laptopu ya kizamani, programu ya bure ya kuandikia nota, na maktaba ya sauti inayokuja nayo. Ala za kuandikia ni fidla tatu, kanuni yenye nyuzi za kudonoa, udi, nai ya kupuliza, akodiani, besi, na dumbaki na rika za kushika mapigo.

Leo nimeingiza khana ya kwanza na taslimu. Taslimu nimeiwekea alama ya marudio, maana inarudi ile ile baada ya kila khana, kwa hiyo naiandika mara moja tu. Nikabonyeza ipigwe. Mi ikatoka Mi kamili, safi, kama kwaya ya skuli inaimba do-re-mi. Rasti imekufa kabla haijazaliwa.

4 Februari

Kwa wasomaji wasiotoka kwenye taarabu: Rasti ikianzia Do, Mi na Si zake zinakaa katikati, si kamili wala si flati (iliyoshushwa nusu toni). Tunaita nusu flati. Nusu toni moja ni senti 100, na nusu flati inashusha senti 50. Kwenye kanuni mpigaji anainua kichuma kidogo ubavuni mwa nyuzi na sauti inahama, kwenye fidla kidole kinajua chenyewe pa kukaa.

Kwenye programu kuna alama mbili za nusu flati. Moja ni flati iliyogeuzwa, tumbo likaangalia upande wa pili. Ya pili ni flati ya kawaida yenye kistari kinachokata shina lake, na hiyo ndiyo ya daftari letu na ya vitabu vya Kiarabu. Nikachagua inayofanana na daftari. Kumbe katika programu hii ile ya kwanza ina sauti na hii ya pili ni mchoro mtupu! Unaiona, unaichapisha, haisikiki.

Dakika arobaini zimekwenda hapo. Dawa yake: chagua Mi zote kwa mpigo, fungua paneli ya sifa za nota, andika −50 kwenye sehemu ya senti. Halafu Si zote. Mchoro nimeuacha wa Kiarabu, sauti inatoka kwenye namba. Rasti imefufuka.

6 Februari

Nimemaliza khana zote nne na mapambo yake: trili (nota inapishana haraka na jirani yake wa juu), modenti (mchomo mmoja kwenda kwa jirani na kurudi), na nota ndogo zile zinazotangulia nota kubwa. Baada ya alasiri nikampelekea Maalim barazani kwake. Yeye ni fidla ya kwanza, na bashrafu hii alianza kuipiga mimi sijazaliwa.

“Shikamoo Maalim.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nimsikie huyo mpigaji wako.”

Akaiweka simu sikioni kama anayeongea nayo. Kipimo (fungu la nota baina ya mistari miwili ya wima) cha kwanza mpaka cha sita hakusema neno. Kipimo cha saba kina trili juu ya Re, nota ya mapigo mawili. Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akanitazama.

“Mwanangu, huyu anayepiga ana homa?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kusikiliza mpaka mwisho, na mimi nikaandika maneno yake kama yalivyotoka. Kipimo cha saba: anatetemeka tangu anazaliwa. Kile kile cha saba: tena Mi yake si ya Rasti. Kipimo cha kumi na mbili: amekufa njiani. Khana ya tatu: mimi nakwenda juu, yeye anakwenda chini. Khana ya nne: hiyo cherehani.

Kisha akachukua fidla akapiga kipimo cha saba mara tatu, nami nikarekodi. Nyumbani rekodi ile nimeipunguza kasi mpaka nusu nikahesabu. Maalim hatetemeshi tangu mwanzo. Anatua kwenye Re, anaikalia kiasi cha theluthi ya urefu wa nota ile, mtu unajua kabisa kuwa hii ni Re. Ndipo kidole kinaanguka kwenye Mi, pole pole, kinarudi, kinaanguka tena kwa haraka zaidi, na kabla nota haijaisha kidole kimeshanyanyuliwa, Re inabaki peke yake. Kidole kimegusa Mi mara tatu. Tatu tu! Nikahesabu ya kompyuta: nane.

7 Februari

Nimeanza na lililo rahisi, kipimo cha kumi na mbili, aliyekufa njiani. Pale Sol imeunganishwa na Sol nyingine kwa kistari cha upinde, inavuka mstari na kuingia kipimo cha kumi na tatu. Alama ya trili ipo juu ya Sol ya kwanza. Programu inapamba ile ya kwanza, ikifika ya pili inaona nota nyingine isiyo na alama, inanyoosha sauti. Macho yangu yanaona nota moja ndefu, yenyewe inahesabu mbili. Nimeiondoa alama nikaweka trili ya mstari wa mawimbi, nikauvuta mpaka mwisho wa Sol ya pili. Imepona.

Trili sita nyingine hazikuwa zikilia kabisa, na Maalim hakuzitaja kwa sababu alidhani nimeziacha kwa makusudi. Hizi ziliingizwa na mpwa wangu aliyenisaidia khana ya pili. Hakujua alama iko wapi, akaandika herufi t na r kwa mlazo, akazipandisha juu ya nota. Kwa jicho huwezi kutofautisha. Namna ya kuzikamata ni kubofya alama na kusoma chini ya dirisha: ya kweli inaitwa pambo, ya mpwa wangu inaitwa maandishi. Sikumgombeza, kaniandikia vipimo thelathini bila malipo.

9 Februari

Homa na cherehani. Nilidhani ni magonjwa mawili, ni mmoja.

Programu ikikuta trili inaijaza nota yote kwa nota za 1/32, basi. Kasi yetu kwenye khana tatu za mwanzo ni mapigo 72 kwa dakika, pigo moja likiwa nota ya robo. Katika robo moja zinaingia nota nane za 1/32, kwa hiyo inapiga nota 9.6 kwa sekunde. Nota ya kipimo cha saba ni mapigo mawili: nota kumi na sita, nane zake Mi. Ndizo zile nane nilizohesabu.

Khana ya nne tuna desturi ya kuichangamsha, nimeweka 132. Sasa hesabu inakuwa nota 17.6 kwa sekunde. Hakuna kidole cha binadamu hapo. Trili ya kompyuta imefungwa kwenye thamani ya nota, na kasi ikipanda inapanda nayo, wakati kidole cha Maalim kina mwendo wake mmoja wa kustarehe na kasi ya wimbo hakijali sana. Wimbo ukienda mbio anagusa mara chache, haongezi haraka.

Kwenye paneli ya pambo kuna chaguo la mtindo, nikalijaribu. Mtindo mmoja ulianza na nota ya juu: badala ya Re-Mi-Re-Mi ikawa Mi-Re-Mi-Re. Ubaya zaidi. Hiyo ni adabu ya kinanda cha Ulaya ya zamani. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Ujerumani, alimchorea mwanawe Wilhelm Friedemann jedwali la mapambo kwenye kitabu chake cha kujifunzia kinanda, mwaka 1720, na trili katika jedwali lile inaanzia nota ya juu. Ni sheria nzuri kwa nyimbo zake. Nilichokuwa nasikia mimi ni bashrafu inapigwa kwa adabu za Ujerumani ya karne ya 18.

10 Februari

Harusi Bububu, nimepiga besi mpaka saa saba usiku. Hakuna kilichofanyika.

12 Februari

Mi ya trili. Hili ndilo limenila.

Nota ya Mi ikiandikwa wazi inalia vizuri, senti 50 chini, nilishaitengeneza. Lakini Mi inayozaliwa ndani ya trili ya Re haijaandikwa popote. Programu inaibuni yenyewe. Kwa hiyo nikafungua faili jipya tupu, ala moja, kipimo kimoja, Re moja, trili moja. Nashauri hivi kwa kila anayehangaika na pambo: usitafute ugonjwa ndani ya bashrafu ya kurasa kumi na nne, toa nota moja uipeleke chumba cha peke yake.

Bila alama yoyote mwanzoni mwa stafu (mistari mitano ya nota), trili ya Re inakwenda Mi kamili. Nikaweka flati ya kawaida mwanzoni, ikaenda Mi flati. Vyema, kumbe inasoma mwanzo wa stafu. Nikatengeneza mwanzo wa stafu wa Rasti, nusu flati kwenye Mi na Si, programu inaruhusu. Trili ikarudi Mi kamili. Nikajaribu kuweka alama ndogo juu ya trili yenyewe: flati inasikika, shapu inasikika, nusu flati inachorwa na kupuuzwa. Kinachotafuta jirani wa nota ndani ya programu hii kinajua ngazi kumi na mbili tu za oktava, na Mi yetu imekaa baina ya ngazi mbili, haina mlango.

Nikageuza swali. Je, trili juu ya Mi nusu flati, inayopanda Fa? Mi imeshawekewa −50 kwenye paneli. Ipige: Mi sawasawa, lakini Fa nayo imeshuka! Nota zote zinazozaliwa ndani ya pambo zinarithi senti za mama yao. Mama akiwa chini kwa 50, na watoto wote chini kwa 50. Kwa Re ni vile vile, mama yuko sifuri, basi na Mi sifuri.

Nimefunga kompyuta saa nane usiku. Angalau najua kwa nini.

15 Februari

Rafiki yangu wa Dar, mpiga kinanda kanisani, ana programu nyingine, ya kununua. Ananiambia yake inapiga mapambo “kama mtu”. Nikamtumia faili kwa MusicXML, ule muundo wa kuhamishia nota kutoka programu moja kwenda nyingine. Akanirudishia rekodi. Trili afadhali kidogo, zinaanza taratibu. Mi bado kamili. Modenti sasa ndiyo vituko: kwenye nota fupi zinasikika sawa, kwenye nota ndefu zimelegea, zimegeuka kuwa wimbo mwingine.

Nikalifungua faili lenyewe kwa programu ya maandishi ya kawaida. MusicXML ukiivua ni maandishi matupu, mtu anaweza kuisoma kama barua. Na humo ndimo nilimopata somo la wiki. Muundo ule una nafasi ya kueleza pambo lisikike vipi: lianze nota ipi, liwe na mapigo mangapi (hapa pigo ni mguso mmoja wa pambo), la pili litue asilimia ngapi ya nota, la mwisho asilimia ngapi. Usipojaza, kuna majibu ya kudhaniwa. Trili hudhaniwa inaanzia juu na ina mapigo manne. Modenti hudhaniwa inaanzia nota yenyewe, ina mapigo matatu, la pili linatua kwenye asilimia 12 na la mwisho kwenye asilimia 24.

Asilimia! Nota ya robo kwa kasi ya 72 inachukua sekunde 0.83, na asilimia 12 yake ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo ni modenti, mchomo mdogo. Lakini khana ya tatu ina modenti juu ya nota nzima ya mapigo manne, sekunde 3.3. Asilimia 12 yake ni sekunde 0.4. Karibu nusu pigo! Programu ya rafiki yangu ilizitii asilimia zile bila kuuliza, na mchomo ukawa hatua ya mtu mwenye magoti mabovu.

Nikajaza mwenyewe: second-beat="3" last-beat="6" kwa zile ndefu, na kwa trili zote start-note="main", yaani zianzie nota yenyewe. Nikamrudishia. Kwake zikapona. Nikalifungua faili lile lile kwenye programu yangu mimi: sifa nilizojaza hazikuguswa, kama sikuandika kitu. Kila programu inachukua kutoka kwenye MusicXML kile inachokijua, na kingine inakipita kimya kimya.

16 Februari

“Mimi nakwenda juu, yeye anakwenda chini.” Kosa langu. Modenti zina alama mbili: kijimstari cha meno bila kitu, na kile kile chenye kistari kilichokikata katikati. Chenye kistari kinashuka kwenye nota ya chini na kurudi, kisicho nacho kinapanda. Majina ndiyo yanayochanganya, maana waandishi wa nyakati tofauti wamebadilishana majina, na hata ndani ya MusicXML “mordent” ni yenye kistari na isiyo nacho inaitwa iliyopinduliwa. Mimi nilichagua kwa jina kwenye orodha badala ya kutazama umbo kwenye daftari. Nimebadilisha kumi na moja. Dakika tano.

18 Februari

Nimeacha kuibembeleza. Nimeamua kila pambo liandikwe wazi, nota kwa nota, kwenye stafu ya pili iliyofichwa. Fidla ya kwanza inabaki na stafu yake inayosomeka, yenye alama za trili kama daftari linavyotaka, lakini zile nota zenye pambo nimezitoa tiki ya kupigwa, ziko kimya. Chini yake kuna stafu nyingine ya fidla, haionekani kwenye karatasi, ina mapumziko matupu isipokuwa pale penye pambo.

Ni kazi ya mkono. Wapo watakaosema ni ujanja wa maskini, sawa. Lakini stafu iliyofichwa inanilazimisha kusema kila kitu: trili inaanza lini, inagusa mara ngapi, inaachia wapi. Alama ile ya mawimbi juu ya Re haisemi hata moja katika hayo. Maalim ndiye anayejua, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kwa sababu alikuwa akipiga mwenyewe.

Kipimo cha saba sasa kimeandikwa hivi: Re ya 1/8 yenye nukta, Mi ya 1/16, Re ya 1/16, halafu Mi, Re, Mi za 1/32, na Re ya 1/16 yenye nukta ya kumalizia. Ukijumlisha ni mapigo mawili kamili. Mi tatu. Na kwa kuwa kila Mi ni nota iliyoandikwa, kila moja inapokea −50 yake bila kelele.

Nimeipiga mara ishirini hivi. Mke wangu kutoka jikoni: “Hiyo sasa ni fidla.” Hajawahi kusema chochote kuhusu kazi yangu ya kompyuta tangu ninunue hii laptopu, isipokuwa juu ya bei.

20 Februari

Trili zote za fidla zimeandikwa. Kanuni imeleta mpya.

Binti anayepiga kanuni hataki MP3. Anataka MIDI, faili lenye maagizo ya nota badala ya sauti yenyewe, kwa sababu ana programu kwenye tableti yake inayopunguza kasi kwa asilimia anayotaka bila kuharibu sauti. Nikamtolea. Akanipigia: “Kaka, mbona kwenye trili Re inavutwa chini kama mtu anaegemea uzi?”

Nikaenda kusikiliza, kweli. Inavutwa.

MIDI haina Mi nusu flati. Ina Mi na ina Mi flati, na kitu kingine pembeni cha kupinda sauti. Mpindo huo una namba 16,384, ya katikati ikiwa 8192 yaani usipinde, na kwa kawaida ukiupeleka mpaka mwisho unapinda toni moja nzima kwenda juu au chini. Kwa hiyo senti 50 chini ni 6144. Programu yangu ikifika kwenye Mi inatuma 6144, ikirudi kwenye Re inatuma 8192. Shida ni kuwa mpindo haupindi nota, unapinda chaneli nzima (njia inayopitisha nota za ala), na chochote kinacholia humo wakati ule kinapinda pamoja. Fidla inanusurika maana upinde ukihama nota ya kwanza imekwisha. Uzi wa kanuni ukidonolewa unaendelea kulia. Re bado inavuma, Mi inakuja na mpindo wake, Re inaburutwa nayo senti 50 chini, kisha inarudi. Mara sita ndani ya sekunde moja. Ukiisikia mara moja huwezi tena kuacha kuisikia.

Nimezitenganisha. Kanuni sasa ina stafu mbili zilizofichwa na chaneli mbili. Moja ina Mi na Si za pambo tu, imepindwa tangu mwanzo wa wimbo na haibadiliki tena. Nyingine ina nota nyingine zote, haijapindwa kabisa. MIDI ina chaneli 16, ya kumi imewekewa ngoma kwa desturi, hivyo nafasi ninazo. Binti kajibu kwa ujumbe wa neno moja, “Imenyooka.”

22 Februari

Kwa Maalim tena. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho bila kuitoa simu sikioni.

“Homa imempona,” akasema. Kisha: “Lakini Mi bado. Imekaa chini.”

Nikamwambia Maalim, ni nusu flati kamili, senti hamsini, nimeziandika mwenyewe.

“Hamsini sijui mimi. Imekaa chini.”

Nikafungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikaiweka mbele ya fidla yake. Akapiga Mi, mara sita au saba, sehemu mbalimbali za taslimu. Sindano ilikuwa inacheza baina ya −35 na −42, haikugusa hamsini hata mara moja. Mimi nilichukua hamsini kwenye kitabu. Nakumbuka kusoma kwamba hata Cairo mwaka 1932, kwenye mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wataalamu walibishana juu ya kuigawa oktava mafungu 24 yaliyo sawa, na Mi ya Rasti ilikuwa moja ya sababu. Mimi nilikuwa nabishana na Maalim barazani kwake kwa namba ambayo wakubwa hawakukubaliana.

Nimebadilisha zote kuwa −40. Kwenye MIDI ya kanuni mpindo umekuwa 6554. Nota ya Si nimeiacha −50 mpaka aniambie.

23 Februari

Kaniambia. Nota ya Si pia.

24 Februari

Kutoa faili. Nilidhani ni kubofya mara moja na kwenda kunywa chai. MP3 ya fidla ya kwanza imetoka haina pambo hata moja: pale penye trili ni kimya, shimo. Ndani ya programu inalia vizuri, kwenye faili hakuna kitu.

Nimetafuta nusu siku. Nikitoa sauti ya ala moja, programu inachukua karatasi ya ala ile peke yake, na karatasi ile haina stafu zilizofichwa. Kwa hiyo ilichukua stafu inayoonekana, ambayo nota zake za pambo nilizinyamazisha mwenyewe tarehe 18. Nimerudi kwenye karatasi kubwa ya ala zote, nikafungua mikisa (paneli ya kuongoza sauti za ala), nikanyamazisha kila kitu isipokuwa fidla ya kwanza na stafu yake ya siri, nikatoa sauti. Kisha nikarudia kwa kila ala. Dumbaki na rika nimeziacha zisikike kwa mbali kwenye faili zote, watu wasipotee mapigo.

Faili kumi. Nimezipa majina kwa ala na tarehe, maana “fidla mpya mwisho kabisa 2” ninazo tatu na sijui ipi ni ipi.

26 Februari

Nimezituma kwenye kundi la simu asubuhi. Akodiani kajibu kwa kidole gumba. Besi ni mimi. Udi anauliza kama anaweza kupata bila rika. Nai hajafungua.

Usiku baada ya isha ukaja ujumbe wa sauti wa Maalim, dakika nne. Haongei, anapiga. Ameiweka simu ya mkewe ipige faili langu, na yeye anapiga juu yake, anairekodi kwa simu yake. Khana ya kwanza, taslimu, khana ya pili, taslimu. Kipimo cha saba kidole chake na stafu yangu ya siri vinaanguka pamoja, mtu huwezi kujua fidla ni ngapi. Khana ya tatu vile vile.

Taslimu ya mwisho, baada ya khana ya nne, kompyuta ikatia trili na yeye hakutia. Re yake ikabaki wazi, imenyooka, mpaka ikaisha. Kisha sauti yake, kwa mbali kidogo, kama anaongea huku anaweka fidla kwenye sanduku: “Hapo mara ya nne mimi sipambi, mwanangu. Watu wameshasikia.”

Taslimu niliiandika mara moja na alama ya marudio, kwa hiyo zote nne ni nota zile zile. Nimelifungua faili, nimeondoa marudio, naikunjua mara nne. Nikifika ya mwisho natoa pambo. Kisha MP3 tena, zote kumi.